Utando Kwenye Tangi la Saluni

Saluni, 3 Februari

Kitinda wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, leo siwezi kuanza nazo. Nimepata bahari! Usicheke. Iko hapa ukutani, kati ya draya ya pili na mlango wa stoo. Ni tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, lina maji ya chumvi, mawe, mchanga mweupe, na samaki watatu wazima wanaonikodolea macho ninavyoandika.

Kisa ni hiki. Yule mteja wangu wa nywele nyembamba, mke wa rubani, anahama nchi. Alikuja kusukwa mara ya mwisho, na nilipokuwa namalizia kisogo akasema, "Msusi, utanichukulia samaki wangu? Kwenye ndege hawapandi." Nikajibu ndiyo kabla hajafunga mdomo. Shemeji yako alipoona linashushwa kwenye gari alishika kiuno. "Maji na umeme ukuta mmoja? Na una mashine nne za kukaushia nywele?" Akanuna mpaka jioni. Kesho yake, wa kwanza kuamka alikuwa yeye. Nilimkuta amelala kifudifudi sakafuni, bisibisi mdomoni, anahamisha soketi zote ziwe juu ya usawa wa maji. Ndiyo maana niliolewa na fundi umeme.

Maji ya zamani tulifanikiwa kubeba ndoo mbili tu. Mengine nimekoroga mwenyewe kwa ile chumvi ya mfuko aliyoniachia, nikipima na kidude chake kinachoelea. Samaki wawili ni wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe, hawaachani hata hatua moja. Mkubwa nimemwita Bwana, mdogo Bibi. Wa tatu ni wa njano mtupu, bapa, ana mdomo wa kuchongoka. Huyo ni Ndizi.

Sasa swali, ewe mtaalamu. Leo ni siku ya tisa, na juu ya maji kumeanza kutanda kitu. Si povu wala si takataka. Ni utando mwembamba, kama ule wa supu iliyosahauliwa mezani, na ukiutazama kwa pembeni una rangirangi kama za petroli kwenye dimbwi. Tena Ndizi hali. Chakula kikishuka, Bwana na Bibi wanakirukia, yeye anajibanza nyuma ya jiwe. Nifanyeje?

Wasiwasi sina, maana nina wewe. Wateja wakiuliza, Mama anawajibu toka kwenye kiti chake pale dirishani: "Mwanangu wa mwisho ni mtaalamu wa samaki kwenye jumba kubwa la samaki. Wanamlipa kwa kufikiri tu." Halafu anawatazama mmoja mmoja, kama kuna wa kubisha.

Salamu zako ndizo hizo. Jibu upesi!

Dada yako


Jumba la Samaki, Idara ya Lishe, 11 Februari

Dada mpendwa,

Hongera sana kwa tangi. Barua yako imenikuta katikati ya majukumu mazito, lakini suala la ndugu huja kwanza.

Kitaalamu, hicho ulichokiona huitwa utando wa juu. Husababishwa na vumbi. Saluni ni mahali penye vumbi la nywele, kwa hiyo dawa ni kufunika. Mwambie shemeji akate kioo kinachotosha mdomo wa tangi, akiweke juu kikae sawasawa, na pembeni azibe kwa gundi ya karatasi, vumbi lisipate upenyo.

Kuhusu Ndizi, pengine pampu yako inasukuma maji kwa nguvu, chakula kinapeperuka kabla hajakifikia. Ipunguze hadi mwisho. Kisha uwalishe mara nyingi zaidi, hata mara tano kwa siku, vyakula mbalimbali, mpaka apate anachokipenda. Asiyekula huletewa zaidi, ndiyo kanuni.

Likizo yangu ya mwezi wa nne naona itaahirishwa tena kwa sababu za kiutafiti. Mwambie Mama asikasirike.

Mtaalamu wenu,
Kitinda


Saluni, 19 Februari

Mtaalamu wetu,

Kioo kimekatwa, kimekaa kama kifuniko cha sufuria, na kando nimezungushia gundi. Pampu inaguna kwa mbali kama mzee aliyeshiba. Na chakula! Asubuhi, saa nne, mchana, alasiri, na kabla ya kufunga. Tumewapa kamba wa kusaga, tumewapa chenga za mkebe, tumewapa ile minofu ya kwenye friji. Bwana ameota tumbo.

Unajua saluni imegeuka nini? Watu wanaingia hata wasio na miadi. Jana aliingia mwanaume mzima, kipara kinang'aa, akaketi kwenye kochi. Nikamwuliza, "Nikusaidie nini, kaka?" Akasema, "Endelea tu na kazi, mimi natazama." Alikaa nusu saa. Na Mama ndiye msomaji rasmi wa barua zako. Barua ikifika haipiti mkononi mwangu kwanza. Anaifungua mwenyewe, anavaa miwani, anapandisha sauti ili hata walio chini ya draya wasikie. Pale penye "kitaalamu" alirudia mara mbili.

Ila utando haujaondoka, Kitinda. Umeongezeka. Juzi niliinua kioo kidogo nikapitisha kidole juu ya maji, na mstari wa kidole ukabaki palepale, kama mtu aliyeandika kwenye vumbi la meza. Na kuna kaharufu. Ndizi bado hatoki kwenye jiwe lake, amekuwa mwembamba, ukimtazama kwa mbele ni kama karatasi.

Tarehe mosi Machi, Jumamosi, nina bibi harusi na wasimamizi wake sita. Wamenichagua mimi, wakaacha ile saluni kubwa ya njia panda, kwa sababu bibi harusi anataka kupigwa picha mbele ya tangi kichwa kikiwa tayari. Sita, Kitinda! Spreyi nimenunua katoni nzima. Nataka siku hiyo maji yawe kama kioo. Niambie la kufanya, nakungoja kama mvua.

Dada yako


Jumba la Samaki, Idara ya Lishe, 25 Februari

Dada,

Usitie shaka. Utando ukizidi unene ni dalili ya tangi kukomaa. Endelea na kifuniko, endelea na chakula. Ndizi ni suala la muda tu. Jaribu kumpa kitu chenye mafuta kidogo, mafuta huamsha hamu.

Naandika kwa haraka. Nawatakia harusi njema.

Kitinda


Saluni, 3 Machi

Kwa ndugu yangu,

Barua yako ya tarehe 25 imefika leo asubuhi. Inasema utando mzito ni dalili ya kukomaa. Imefika Ndizi akiwa tayari chini ya udongo, kwenye chungu cha maua pale mlangoni.

Nakusimulia kama ilivyokuwa. Jumamosi tulifungua saa moja asubuhi. Wasichana saba, vicheko, nguo zimetundikwa kila mahali, draya zote nne zinanguruma, spreyi inapigwa mpaka hewa ikawa tamu. Bibi harusi nilikuwa nimemfikisha nusu kichwa. Msimamizi mmoja akasema, "Mbona samaki wako wanabusu kioo?" Nikageuka. Wote watatu walikuwa juu kabisa, midomo imebandikwa kwenye maji, wanahema haraka haraka kama watu waliofungiwa chumba cha moshi. Ndizi alikuwa amelala ubavu.

Nilimwachia bibi harusi chanuo mkononi, nikakimbilia duka la dawa la jirani nikaomba simu, nikapiga Jumba la Samaki. Nilikuwa na furaha hata katika hofu yangu, unajua? Nilijisemea, Mungu ametupa mtu wa kumpigia. Akapokea mwanamke. Nikasema, "Naomba mtaalamu wa samaki," nikataja jina lako lote mpaka la babu.

"Hatuna mtaalamu wa jina hilo."

"Tafuta vizuri, mama. Ni ndugu yangu, yuko hapo mwaka wa pili sasa."

Nikasikia anamwuliza mtu pembeni. Kisha akarudi. "Aa! Yule wa jikoni, mkata samaki? Yuko na visu vyake huko nyuma. Nimwite?"

Nikaweka simu chini. Mwenye duka akaniuliza kama nimefiwa.

Niliporudi, shemeji yako alikuwa ameng'oa kioo chako kwa bisibisi, gundi na vyote. Hakumwuliza mtu. Alikuwa amekunja shati hadi begani, ameshika bomba la pampu kwa mkono, amelielekeza juu, pampu iko mwisho wa nguvu, maji yanaruka mpaka kwenye vioo. Aliniambia kitu kimoja tu: "Mtu gani anahema ndani ya sufuria iliyofunikwa?" Alisimama hivyo saa mbili, mkono mmoja ukichoka anabadilisha. Bwana na Bibi walishuka kidogo kidogo. Ndizi hakuamka.

Bibi harusi alipiga picha, ila mbele ya dirisha.

Kitinda, ungeniambia hujui, ningemwuliza mwingine. Hilo ndilo linaloniuma, si jikoni. Mama sijamwambia. Sijui nimwambieje.

Dada yako


Jumba la Samaki, jikoni, 8 Machi

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikiwa na aproni, na nilipoimaliza niliona nimeichafua.

Ni kweli. Mimi ni mkata samaki. Nakata ngisi, dagaa na kamba, kilo arobaini kila siku, vipande vya ukubwa nane tofauti kwa matangi nane tofauti, napanga kwenye trei, wengine wanachukua wanaenda kulisha. Nikimaliza nasugua meza. Idara ya Lishe ni jina nililolibuni usiku mmoja nikitafuta cha kuandika juu ya barua. Hapa hapana idara, pana jiko na mlango wa chuma.

Nilikuja kuomba kazi ya msaidizi wa wataalamu. Nilikuwa na uhakika, ndiyo maana niliwaandikia kabla ya majibu. Walipotazama vyeti vyangu wakasema havitoshi, ila jikoni kuna nafasi. Siku hiyohiyo ikafika barua ya Mama ya pongezi, kurasa nne, na tai ndani. Nikasema nitamwambia mwezi ujao. Mwezi ukazaa mwezi. Ndiyo maana sikuja likizo. Ningeingiaje saluni, wateja wote wale waniulize samaki wanalalaje?

Wewe ulipoanza kuuliza, nilichukua maneno niliyoyasikia mlangoni nikayaunga na ya kwangu. Nimemuua Ndizi kwa kalamu.

Baada ya kusoma barua yako nilikwenda kwa Mlishaji Mkuu. Ni mama mmoja tunamwita Bi Koleo, kwa sababu analisha samaki wakali kwa koleo refu, na ulimi wake nao ni vilevile. Miaka miwili sijawahi kumsemesha zaidi ya "trei iko tayari." Nikamweleza yote, toka tai hadi kifuniko. Nilidhani atanifukuza.

"Ulimwambia afunike?" akasema.

"Ndiyo."

"Na apunguze pampu?"

"Ndiyo."

"Na alishe mara tano?"

"Ndiyo, Bi."

"Ungempelekea sumu kwa posta ingekuwa rahisi." Kisha akavua glavu. "Njoo."

Alinipeleka nyuma ya matangi, ambako sijawahi kuruhusiwa. Dada, sijui nikuelezeje! Ukiwa nyuma unayaona matangi kwa juu, na maji yote yanacheza, hakuna hata moja lililotulia. Akasema, "Maji hupumulia usoni, kama wewe. Uso ukitandwa mafuta, hewa haiingii." Akachukua chupa yangu ya mafuta ya kupaka, akadondosha tone moja kwenye ndoo ya maji. Likatanda ndoo nzima kabla sijapepesa macho. "Dada yako anafanya kazi gani?" Nikasema msusi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Spreyi! Mafuta ya nywele! Na mikono hiyohiyo ndiyo inayolisha!"

Haya sasa si yangu, ni yake, nimeyaandika akinisomea na akayahakiki. Mfuniko usirudi kamwe. Bomba la pampu libaki kama shemeji alivyolishika, likielekea juu, uso wa maji utetemeke mchana na usiku. Shemeji alikuwa sahihi kuliko mimi. Utando uliopo, zima pampu kidogo, laza karatasi safi ya jikoni juu ya maji, iinue taratibu, itatoka nao kama ngozi ya maziwa. Spreyi ipigwe chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Kabla ya kulisha, nawa mpaka kiwiko na usijipake kitu. Minofu ya friji iyeyushe kwanza, uisuuze kwenye chujio, maji yake ya mafuta uyamwage. Walishe mara moja kwa siku, kiasi watakachomaliza ukihesabu hadi mia, basi. Na kila wiki badilisha ndoo mbili za maji.

Na jambo moja zaidi amesema: katika samaki wa aina ile, mkubwa ndiye jike. Bwana wako ni Bibi.

Mama mwambie wewe au nimwambie mimi, utakavyoona. Sina haki ya kuchagua.

Kitinda


Jumba la Samaki, jikoni, 29 Machi

Dada,

Wiki tatu zimepita. Posta ikija natoka mlangoni na kisu mkononi, walinzi wamenizoea.

Sikuandikii kuomba kitu. Nataka tu ujue kwamba Bi Koleo ananiita kila siku nikimaliza meza. Juzi alinipa kijiko na kitangi kidogo cha samaki wapya wanne ambao walikuwa hawajala toka wafike. Alisema nizime pampu, nizime taa moja, nikae chini nisiwatazame usoni. Nilikaa saa nzima, mguu ukafa ganzi. Wa kwanza alitoka, akakitazama kipande nilichokikata mimi mwenyewe asubuhi, akakidaka, akakitema, akakirudia, akakimeza. Nilipiga kelele. Bi Koleo akasema nikipiga tena atanirudisha kwenye ngisi.

Kama Bwana na Bibi wako hai, niambie hilo tu.

Kitinda


Saluni, 4 Aprili

Kitinda,

Wako hai. Wako hai na wana dharau.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu kwa sababu nilikuwa na kazi, halafu kwa sababu nilikuwa naona haya kwa lililotokea. Keti nikusimulie.

Barua yako ya kukiri ilifika mchana wa Alhamisi. Nilikuwa nimekusudia kuinyakua kabla ya Mama, lakini nilikuwa na kichwa cha mtu mikononi, na mleta barua anamjua Mama kuliko anavyonijua mimi. Nikamwona anaifungua. Nikasema, "Mama, hiyo acha, nitaisoma baadaye." Akasema, "Kwani ni siri? Watu wanangoja." Na kweli walikuwa wanangoja, watu watano. Akavaa miwani, akapandisha sauti, akapita mstari wa kwanza wa aproni, akafika hapa:

"Ni kweli. Mimi ni mkata samaki."

Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaitazama barua tena kama vile miwani ndiyo iliyosema uongo. Draya ikaendelea kunguruma. Nikasema, "Mama, basi." Akasema, "Nimeianza mwenyewe, nitaimaliza." Na akaisoma yote, Kitinda, neno kwa neno, kwa sauti ileile, ngisi, aproni, vyeti, tai. Alipofika kwenye tai akakohoa, akaendelea.

Alipomaliza, yule mama wa mtaa wa pili aliyekuwa chini ya draya, ambaye hakusikia kitu, akapaza sauti: "Amesemaje mtaalamu?"

Mama akamjibu kwa nguvu zote: "Anakata samaki! Kilo arobaini kwa siku! Wewe umewahi kukata hata tano?"

Jioni alilia kidogo. Hakulilia jikoni. Alisema, "Miaka miwili mtoto hakuja nyumbani kwa kuogopa mdomo wangu." Basi hilo unajua sasa, na utaongea naye mwenyewe.

Sasa samaki! Nilifanya yote kama alivyosema Bi Koleo. Spreyi imehamia stoo, wateja wanaingia mmoja mmoja kama wanaungama. Karatasi ya jikoni ya kwanza niliyoiinua ilitoka nzito na ya kunata, shemeji yako akasema tungeweza kukaangia. Ya pili nyepesi. Ya tano ilitoka na maji tu. Siku ya sita niliwasha taa asubuhi, nikadhani maji yamevuja, maana sikuyaona. Niliona mawe, mchanga, na samaki wawili wanaelea hewani. Nilimwita shemeji yako kwa ukelele hata akaja na kizima moto.

Anayelisha sasa ni Mama. Ananawa mpaka kiwiko kama daktari wa upasuaji, anasuuza minofu kwenye chujio la chai, anahesabu hadi mia kwa sauti, na wateja wanahesabu naye. Akifika mia, hata kama kuna kipande kimoja kilichobaki kijikoni, hafiki mia na moja. Bwana, yaani Bibi, anachukua kipande moja kwa moja kutoka kwenye kijiko.

Ndizi bado namkumbuka. Hasira nayo haijaisha yote, nakuambia wazi. Lakini endelea kuandika, na uandike "jikoni" vilevile juu ya barua.

Dada yako


Saluni, 21 Juni

KITINDA!

Mayai!

Siyo utani. Bibi, yule mkubwa, tangu juzi alikuwa anamfukuza mumewe huku na huku, wanasugua jiwe lile la pembeni kwa midomo kama watu wanaopaka rangi. Nikadhani wanagombana. Leo saa nane mchana Mama alikuwa amefika sitini na tatu, akaacha kuhesabu. Mama haachi kuhesabu! Nikaenda. Jiwe limevaa kitu cha rangi ya chungwa, upana wa kiganja cha mtoto, vipunje mamia kwa mamia, vimesimama kama nywele zilizokatwa fupi. Na mume anavipepea kwa mapezi yake, hapumziki, mtu akisogea karibu na kioo anamjia mbio na kile kimwili chake kama kidole gumba.

Wateja wamekataa kuondoka. Kuna mtu rola zimekauka kichwani toka saa sita. Shemeji yako amefunga duka lake la nyaya, ameleta kiti. Mwanaume wa kipara naye yupo, sijui nani amempa habari.

Sasa tufanye nini? Wataanguliwa lini? Wanakula nini? Wazazi wao watawala? Niwatoe? Niwaache? Pampu itawameza? Jibu wewe, na jibu la kweli, hata likiwa fupi.

Mama anasema nikuandikie kwamba amepata wajukuu mia nne na hakuna hata mmoja aliyemjulisha kwa barua.

Dada yako


Jumba la Samaki, jikoni, 26 Juni

Dada, Mama, Shemeji, na wote mlio chini ya draya,

Sijui.

Nimeisoma barua mara tatu, kisha nikampelekea Bi Koleo mbio, nikiwa na magamba hadi kwenye nyusi. Na yeye hajui yote. Amejaribu mara tatu kulea vifaranga vya samaki hao, na mara tatu vimemfia. Anayoyajua ni haya: mayai hukaa kama wiki moja, kwa hiyo barua hii ikifika yatakuwa yameshaanguliwa, na hayo mia nne, Mama, naomba usiyategemee. Wanaanguliwa gizani, ni wadogo kuliko herufi hii, na hawali chochote tulichonacho kwenye friji. Wanataka vijidudu hai, vidogo kuliko wao, na hivyo haviuzwi dukani. Lakini wazazi wakianza kutaga, hutaga tena baada ya wiki mbili hivi. Kuna mara ya pili.

Vijidudu hivyo hapa tunavyo. Bi Koleo anavifuga kwenye mitungi dirishani, na tangu mwezi wa tano ninayevitunza ni mimi, baada ya meza. Nilipomwuliza kama naweza kuvituma kwa posta, alinitazama kama siku ile ya kifuniko. "Vitumwe?" akasema. "Vibebwe." Akaenda ofisini mwenyewe, akarudi na karatasi ya likizo yangu imegongwa muhuri, siku kumi na nne. Anataka nimwandikie kila siku ninachokiona, hata nikikosea, hasa nikikosea. Amesema saluni yenu sasa imemtangulia.

Nasafiri tarehe 3 Julai, basi la asubuhi. Nina ndoo mbili zenye vifuniko vilivyotobolewa matundu, na nimekata tiketi ya kiti kimoja, kwa hiyo nitazipakata njia nzima. Nitafika kama saa tisa alasiri. Shemeji, naomba uandae tangi dogo jeusi pembeni na bomba la hewa la taratibu. Dada, usimwahirishe mteja yeyote kwa ajili yangu. Nataka niingie kwa mlango wa mbele, saluni ikiwa imejaa, na Mama aniulize mbele yao wote samaki wanalalaje.

Hilo nalijua.

Kitinda